Mtu wa Mbali, Mtu wa Mbari

Kwa miaka mingi nimeandika hadithi fupi za mambo yasiyowezekana, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hapakuwa na mtu wa kuzisikia. Naanzia hapo kwa sababu wanafunzi wanaonijia wakitaka kujifunza kuandika huniuliza juu ya mwanzo, juu ya mwisho, juu ya majina ya wahusika. Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza: nikimaliza, nimsomee nani? Ukiwa unaanza, jiulize hilo mapema. Mimi nilijiuliza nikiwa nimeshapita arobaini.

Ni mwalimu wa Kiswahili. Nafundisha Kaaga, juu kidogo ya mji wa Meru, mtaa wenye shule nyingi hata kengele zao huingiliana, na mgeni hawezi kujua ni watoto gani wanaoitwa. Naishi peke yangu katika nyumba ya vyumba viwili. Kwetu ni Embu, upande wa juu unaopakana na msitu, na kwa majirani zangu mimi ni yule mwalimu Mwembu hata sasa, baada ya miaka kumi na tisa. Hawasemi kwa ubaya. Msimu wa parachichi hawanisahau, nami nikikaanga maandazi nawapelekea. Lakini wakikaa pamoja wakacheka kwa Kimeru, kicheko hunifikia nusu, maana Kiembu na Kimeru ni ndugu wasioelewana kila kitu. Mimi hucheka nyuma yao kidogo, wenzangu wakiwa wameshaingia jambo jingine.

Ninachoandika kina majina mazuri vitabuni: fantasia, bunilizi ya kisayansi. Katika ofisi ya walimu kina jina moja tu, nalo ni stori za jaba. Jaba ni miraa kwa lugha ya vijana, na stori za jaba ni zile anazozitoa mtu aliyetafuna tangu asubuhi, zisizo na kichwa wala miguu. Mwenzangu mmoja wa hesabu, kila akiniona nimeinama juu ya daftari, aliuliza leo nimewapikia jini gani. Walicheka, nami nilicheka. Hakuna aliyewahi kuomba kuonja.

Ajabu ni kwamba jina lile, walilolitoa kwa mzaha, lilikuwa la kweli kuliko walivyojua. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Kangeta, kule Igembe kwenye soko la miraa. Nikitoka darasani nilipita kwenye vibanda ambako wanaume walifunga vibunda kwa majani ya migomba huku wakisimuliana. Siku moja mmoja wao alisimulia juu ya pikapu iliyofika uwanja wa ndege kabla haijatoka Kangeta. Nilisimama nikijifanya kuchagua nyanya. Yule mtu hakuanza na maajabu. Alianza na gurudumu la nyuma la kushoto, lililokuwa limeisha meno, na fundi aliyelikataa, na matope ya kona moja ya kuteremkia. Wasikilizaji waliifahamu ile kona. Wakaitikia kuhusu gurudumu, wakaitikia kuhusu fundi, na alipofika kwenye jambo lenyewe lisilowezekana, wote walikuwa wameshaingia ndani ya gari. Wala hakusema hapo zamani za kale. Alisema juzi.

Nimefundisha fasihi miaka mingi na sijapata somo bora kuliko lile. Ukitaka msomaji akuamini katika jambo moja kubwa la uongo, mlipe kwanza kwa mambo kumi madogo ya kweli, yale anayoweza kuyashika kwa mkono. Na jambo la uongo liwe moja. Ukiweka majini na pia roketi na pia mti unaosema, hakuna kitakachomshangaza, maana hakuna kilichobaki cha kawaida cha kushangaa nacho.

Basi nilijua hayo, na niliandika, na hadithi zikajaa katika kabati la vyombo kwa kuwa sikuwa na vyombo vingi. Likizo ya Agosti ilikuwa mbaya kuliko zote. Shule zinanyamaza, ukungu unakaa mpaka saa tano, na unaweza kumaliza siku tatu bila kutamka neno ila kumshukuru muuza maziwa. Nilikuwa nikizisoma hadithi zangu kwa sauti jikoni. Sauti ya mtu peke yake jikoni ni kitu cha ajabu. Inakuwa nzuri kupita kiasi, kwa sababu hakuna anayeipinga.

Aliyenipinga nilimpata dukani.

Mjini Meru, karibu na msikiti, palikuwa na duka la viungo la mama mmoja wa makamo ya mama yangu. Nami nilimwita hivyo hivyo, mama, na hapa nitaendelea kumwita hivyo. Ni wa zile familia za Kiislamu za mjini ambazo zimekaa Meru vizazi kadhaa. Babu yake alifika na msafara wa biashara au na kikosi cha askari, mwenyewe alisimulia kwa njia mbili kutegemea siku. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya nyumbani. Kwangu mimi, niliyekipata kwa kiboko na kitabu, kumsikia akimfukuza paka tu ilikuwa raha.

Siku hiyo nilikuwa nanunua iliki. Akaona karatasi zimechungulia kwenye kikapu changu, akauliza kama ni mitihani. Nikamwambia ni hadithi. Ya nini? Ya mwanamke ambaye kivuli chake kinafika mahali kabla yake. Akapima iliki, akaikunja ndani ya karatasi, akanikabidhi bila haraka.

"Kinatangulia kufanya nini?"

Nilikuwa na hadithi ile kwa miezi miwili na sikuwa na jibu. Nikasema sijui.

"Basi rudi ukijua," akasema.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Nikamwambia kivuli kinatangulia kumwombea radhi. Popote anapokwenda, kimeshafika kumwombea radhi kwa jambo ambalo hajalitenda bado. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akasogeza kiti cha plastiki kwa mguu, kati ya gunia la mchele na debe la mafuta. "Kaa hapo."

Hivyo ndivyo nilivyopata msikilizaji. Kila Jumamosi mchana nilishuka kutoka Kaaga nikamsomea. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho na hakuweza tena kusoma mwenyewe, lakini mkono wake ulijua robo ya binzari bila mizani. Sikuwa na mwingine. Nilijua hilo kila Jumamosi nilipokuwa nikiteremka, na nilijua pia kwamba nikimpoteza sitapata wa kushika nafasi yake, kwa sababu sikumpata kwa kumtafuta.

Kusoma dukani ni shule. Unafika mahali mtu anataka kuvunja yai na ndani ya yai mna sauti ya baba yake, mteja anaingia kutaka pilipili. Mmoja, kijana wa bodaboda, alisimama mlangoni akasikiliza kidogo. "Hii mwalimu anasoma nini? Ni stori za jaba?" Mama akamjibu kwamba ndiyo, na za kwake yeye huwa anazitolea wapi, maana juzi alidai amebeba ng'ombe kwenye pikipiki. Tukapoteza dakika kumi na ng'ombe. Niliporudi kwenye yai niliona wazi ni sentensi zipi zilizoweza kungoja na zipi zilizokufa zikingoja. Tangu hapo nimewaambia wanafunzi: hadithi fupi lazima iweze kumvumilia mteja wa robo kilo. Ukikatizwa katikati na bado ukataka kurudi, hapo pana kitu.

Hakuwa mpole. Alikuwa na swali lake moja lenye nguo nyingi, na lilikuwa daima la upande wa kawaida. Mtu akiruka angani, aliuliza viatu vyake viko wapi. Mfu akirudi, aliuliza nani alikuwa amelala kitanda chake. Nilijifunza kuandika nikimsikia.

Ndipo nikaandika hadithi ya Mitunguu. Mitunguu ni kule chini, joto, kwenye mashamba ya migomba yanayonyweshwa kwa maji kutoka juu mlimani. Kila shamba lina zamu yake ya maji, na zamu ikipita imepita. Katika hadithi yangu, mtu mmoja anatokea asubuhi amesimama ndani ya mfereji, peku, suruali ameikunja. Pale aliposimama, maji yanageuka. Yanarudi juu, yanaacha migomba, yanakwenda zao mlimani. Jambo moja tu lisilowezekana, na watu wenye kitu cha kupoteza. Mwishoni yule mtu anakwenda kwenye nyumba iliyo kichwani mwa shamba, anabisha hodi. Bibi mwenye nyumba anamtazama dirishani, anawaambia walio ndani: huyu ni wa mbali. Wanafunga mlango.

Nilimsomea. Hakuuliza kuhusu migomba wala kuhusu zamu. Mteja aliingia, akamwambia angoje. Nilipomaliza aliniambia nisome tena pale mwisho, nikasoma. Akafuta meza iliyokuwa safi.

"Leo tuishie hapo," akasema.

Nilipanda kwenda Kaaga nikiwa mwepesi. Nilijisemea kwamba sasa nimeweza, nimemfikisha mtu mahali pasipo na swali. Jirani akanisalimu njiani nami nikamwitikia kwa Kimeru, na hata sikujali nilikosea wapi.

Jumamosi iliyofuata sikuwa hata nimekaa.

"Hao watu wa Mitunguu," akasema. "Kama walijua ni wa mbari, mlango walifunga kwa nini?"

"Kwa sababu ni wa mbali."

"Ndiyo. Ndivyo ninavyosema."

"Ndivyo ninavyosema mimi pia, mama."

"Basi tunasema kitu kimoja na wewe hunijibu."

Hapa inanibidi nieleze, maana msomaji anayeona herufi kwenye karatasi hana shida tuliyokuwa nayo. Kiembu hakina ile sauti ya kwanza katika neno lala. Sisi tuna ile ya ruka tu, na ulimi ulioanza na Kiembu huirudia hiyo ukichoka au ukifurahi. Kwetu watu wameandika kalamu wakamaanisha kalamu, wakaisoma karamu, na darasa zima likaona njaa. Mimi nimeshinda vita hivyo mbele ya darasa kwa miaka mingi. Lakini nikisoma kwa sauti jambo ninalolipenda, nikasahau kwamba nina mdomo, ulimi unarudi nyumbani. Na mbali ni umbali, lakini mbari ni ukoo, kwa Kiswahili na kwetu pia. Bibi wa Mitunguu alikuwa ametazama dirishani akasema, huyu ni mgeni. Mama alimsikia akisema, huyu ni wetu.

Nilipolielewa hilo nilicheka. Kisha nikafanya kile ambacho mwalimu hufanya. Nilimtamkia polepole, mba-li, li kama lima. Nikamwambia hapana, mama, si wa ukoo wao, hawamjui kabisa, ni mgeni tu aliyetoka kusikojulikana. Nilitumia ile sauti ya ubaoni. Bado naisikia.

"Ah," akasema. Akaanza kuzipepeta karafuu ambazo zilikuwa zimeshapepetwa. "Na wewe ni mwalimu. Nilijua unasema unachotaka kusema."

Nikaomba radhi kwa ulimi wangu.

"Mgeni kufungiwa mlango, hiyo hata redio inasema kila siku. Hiyo si hadithi." Akaziacha karafuu. "Mama yangu alinizaa chumba kile cha nyuma. Nikienda ofisini kutafuta karatasi naulizwa, mbari yako ni ipi? Nikisema sina, wananiuliza basi nimetoka mbali gani. Sasa wewe ukaniletea mtu ambaye wanajua, wanajua kabisa ni wa mbari, na bado wanamfungia. Nikasema, huyu mwalimu ametuona."

Nikakaa. Karatasi zilikuwa mapajani mwangu. Nikamuuliza kama nimsomee nyingine, akasema leo ana wateja wengi. Duka lilikuwa tupu.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na wateja wengi tena. Aliniuzia mdalasini, akaniuliza hali ya shule. Kiti cha plastiki kilikuwa kimewekewa katoni ya sabuni juu yake. Jumamosi ya tatu nilipita upande wa pili wa barabara nikamwona amekaa, mikono mapajani, uso ameuelekeza mlangoni kama watu wasioona vizuri wanavyoelekea penye mwanga. Sikuvuka.

Ningependa kusema kwamba nilikwenda nyumbani nikaandika upya. Sikuandika. Nilikasirika. Nilikuwa nimeikalia hadithi ile miezi minne, na kila sentensi ilikuwa imelala mahali pake. Nilijiambia hadithi ni ya mwandishi, msikilizaji anasikia kilichosemwa. Nilisema hivyo kwa sauti jikoni, na jiko likakubaliana nami kama kawaida yake. Wiki zikaenda. Niliandika kurasa kumi za kitu kingine, na kila nilipofika mwisho wa ukurasa nilingoja swali, halikuja.

Siku moja nikiwa nasahihisha insha nikajikuta nimeandika pembezoni mwa kazi ya mtoto: kwa nini wamfungie kama wanamjua? Mtoto alikuwa ameandika juu ya ajali barabarani. Nikafuta, nikaweka kalamu chini, nikaitoa hadithi ya Mitunguu kabatini.

Ukitaka kujua hadithi imejengwa juu ya nini, badilisha neno moja lililo chini kabisa, uone kinachoanguka. Nilibadilisha herufi moja na nyumba nzima ikaporomoka. Mgeni anahitaji mlango tu. Ndugu anahitaji historia. Kwetu, mtu akifika haulizwi anataka nini, anaulizwa ni wa nani. Na akisema ni wa fulani, anaulizwa fulani yupi, yule aliyeoa kwa akina nani, mpaka nyuzi zikutane na mtu apewe kiti. Nimeyasikia maswali hayo maisha yangu yote. Kwa hiyo nikayaweka kwenye dirisha la yule bibi. Anauliza, na yule mtu anajibu akiwa bado amesimama ndani ya mfereji, unaopita mbele ya nyumba. Anataja jina la nyanya yao. Anautaja mti wa mpakani ambao umeshakatwa, anajua ulikatwa na nani na kwa ugomvi gani. Anajua mbuzi wa mahari aliyekufa njiani na aliyewekwa badala yake kwa siri. Kila jibu ni sahihi. Na kila anapojibu, nje, maji yanazidi kurudi mlimani, na zamu yao inaisha. Mwisho bibi anageuka kwa walio ndani, anasema: huyu ni wa mbari. Wanafunga mlango.

Ilinichukua wiki tano. Nilipoisoma jikoni, kwa mara ya kwanza sauti yangu haikuwa nzuri.

Jumamosi nikateremka. Duka lilikuwa limefungwa kwa kufuli na juu ya kufuli palikuwa na vumbi. Niliuliza kwa mwenye bucha jirani, mzee aliyekuwa akinisalimu kwa kichwa kila wiki kwa mwaka na zaidi. Akasema binti wa mama alikuja akamchukua kwenda mji wa Maua, kwa ajili ya macho, na huenda asirudi tena, duka linatafutiwa mtu. Lini? Wiki mbili zimepita. Alishangaa kwamba sikuambiwa. Kisha akaacha kukata nyama, akaniuliza bila ubaya wowote:

"Kwani wewe ni nani wake?"

Nilitafuta jibu. Nilikuwa nimemsomea mambo ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyeyajua. Alikuwa amenifanya nifute nusu ya kila nilichoandika. Hakuna neno la hilo, au kama liko sikulipata pale mbele ya bucha.

"Ni mteja wake," nikasema.

Akanipa nambari ya simu ya binti. Nadhani alinihurumia.

Nilimwandikia binti nikajieleza kama yule mwalimu. Akajibu kwa adabu kwamba mama ameshapasuliwa jicho moja, anapumzika, na nikitaka naweza kumtumia ujumbe wa sauti, atamchezea. Jumapili mchana nikafunga madirisha, nikaketi kitandani, nikaisoma hadithi yote ndani ya simu. Mara ya kwanza ng'ombe wa jirani alilia. Mara ya pili nilisoma vizuri mno, nikafuta. Mara ya tatu nikasoma tu. Kusomea simu ni kugumu kuliko kusomea duka. Hakuna anayeingia. Unafika pale penye mti wa mpakani na unajua hasa mtu angekuuliza ni mti gani, na hakuna anayekuuliza, unaendelea.

Nikatuma. Siku hiyo hapakuwa na jibu, wala kesho yake, wala Jumanne. Nilifundisha ngeli, nikasimamia chakula cha mchana, nikanunua mboga za sukuma. Jumatano nilifikiria kwamba labda nimemuudhi mara ya pili, kwa kuuchukua uchungu wake nikautia katika hadithi yangu kama mtu anayeingia shambani kwa mwingine na kikapu. Hilo pia linapaswa kuelezwa kwa anayejifunza: inawezekana kuandika vizuri na bado ukawa umekosea mtu. Hakuna kanuni ya kukukinga nalo. Unatuma, unangoja.

Alhamisi, nikirudi kutoka shuleni, simu ikaleta ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti yake, na nyuma yake nyumba nzima: sufuria, mtoto, redio, watu wakiongea wote kwa pamoja. Alisema macho yanaendelea vizuri, anaona vidole vyake na havimpendezi. Alisema binti alimchezea ile hadithi peke yake kwanza, kisha wakati wa chakula akaomba ichezwe tena, kila mtu akaisikia, na tangu siku hiyo hakuna amani.

"Mume wa binti yangu anasema walifanya sawa, migomba ni chakula cha watoto. Binti yangu amemnunia. Shemeji yake amekuja leo kutoka sokoni, hajaisikia, ameelezwa, ameelezwa vibaya, na bado anagombana. Mimi nimewaambia mwenyewe simjui kama ni mtu au ni nini, lakini mbari ni mbari. Ngoja uwasikie."

Kisha hakusema tena nami. Nadhani aliishika simu mbele kuwaelekea, akasahau. Nilisimama pale langoni na mkoba begani, nikawasikiliza watu wa Maua ambao sijawahi kuwaona wakigombania mtu wangu. Walikuwa wamempa umri. Walikuwa wamempa jina, na si baya. Mmoja alisema yule bibi ndiye mwenye makosa, mwingine akasema bibi amebanwa, zamu ya maji haina huruma. Hakuna aliyetaja mwandishi, na hakukuwa na sababu ya kumtaja.

Nikaingia ndani, nikaweka maji ya chai, nikaicheza tena. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia jibu, kueleza kwa nini mlango ulifungwa, kwamba hapakuwa na njia nyingine. Nikalifuta. Mara ya tatu niliongeza sauti mpaka mwisho ili nimsikie mwanaume mmoja aliyekuwa nyuma kabisa, mbali na simu, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kusema bila kuipata. Mwishowe akaipata. Alisema yeye angemfungulia. Angemwambia tu, ndugu yangu, karibu, lakini toka kwanza ndani ya mfereji, simama hapa pakavu.

Ujumbe ukaishia hapo. Nilikuwa nimekaa na mtu yule wa mfereji miezi tisa, na sikuwahi kumwambia asogee.